Mwaka Tulioulizwa Nyumba Ni ya Nani

Jumamosi iliyopita tulimzika Mama Furaha huko Gasenyi, alikoishi miaka yake yote ya mwisho, na baada ya kaburi tukaenda kunawa mikono kama ilivyo desturi ya hapa Bujumbura: turubai, viti vya plastiki vya kukodi, fanta zilizokosa barafu, na mtu wa kanisa anayewashukuru waliokuja, familia moja moja, bila kusahau hata moja. Nilikaa safu ya nyuma karibu na kreti za chupa. Mimi ni Muislamu wa Buyenzi, marehemu alikuwa Mkristo wa Uvira, na hatukuwa na undugu wowote. Alikuwa mpangaji niliyemkuta ndani ya nyumba nilipoanza kazi, basi. Lakini nililia mpaka mwanamke aliyekaa karibu nami, ambaye simjui, akaniuliza kwa upole kama marehemu alikuwa dada yangu. Nilimwambia hapana. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba nilikuwa nawalilia watu wawili, na kwamba yule wa pili nilikuwa nimechelewa sana kumlilia.

Kazi yangu ni ukomisioneri. Mtu anatafuta nyumba, mwingine ana nyumba tupu, mimi nasimama katikati na kuwakutanisha, na wakikubaliana napata changu. Leo nina ofisi ndogo Ngagara, yenye meza, kabati la mafaili, na karte yangu ya kazi iko ukutani ndani ya fremu. Wanaokuja kutafuta nyumba wananiita Madamu. Mwaka ninaotaka kuusimulia sikuwa na meza wala fremu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, viatu vilivyolika upande mmoja kwa kutembea, na nafasi kwenye benchi la nje ya kinyozi mmoja wa Buyenzi, ambapo makomisioneri wote wa mtaa walikaa kusubiri riziki. Aliyenipa nafasi hiyo ni Mzee Sefu, mkubwa wetu, mtu mwembamba mwenye maneno ya kuchoma. Hakupenda wanawake kwenye kazi ile, lakini alipenda zaidi kuwa na mtu wa kumsomesha. Siku hizo nyumba ilipangishwa kwa mdomo. Mwenye nyumba alimpa komisioneri ufunguo, komisioneri akampa mpangaji, mbele ya watu wawili waliokuwa wanasubiri kunyolewa. Mtu akasema Bismillahi, chai ikaletwa, na chai ilipoisha makubaliano nayo yalikuwa yameisha. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mteja mmoja, mbele ya watu, nyumba anayoipangisha ni ya nani. Mzee Sefu alinivuta pembeni kwa mkono wa gauni. "We Mwavita, mu kazi iyi kuna swali moja haiulizwe," akaniambia. "Usiulize nyumba ni ya nani. Uliza fungulo iko kwa nani. Ukijua fungulo, inatosha."

Niliona ni uvivu wa wazee. Sasa najua kwamba kuna maswali ambayo watu wameyaacha kwa akili. Nyumba nyingi za Buyenzi zilikuwa za marehemu. Babu alijenga, akaoa wawili au watatu, akazaa, akafa, na mirathi ikabaki bila kugawanywa kwa sababu ingegawanywa ingekuwa vyumba nusu na ugomvi mzima. Basi aliyebaki ndani akashika ufunguo, akapangisha vyumba vya nyuma, akatengeneza bati likivuja, na wengine waliokuwa na haki yao wakapita siku ya Idi wakala, wakaondoka. Kila mtu alijua ana sehemu na hakuna aliyejua sehemu yake inaanzia wapi. Mambo yalienda hivyo kwa miaka mingi, na yalienda vizuri.

Nyumba ya Bibi Zaituni ilikuwa moja ya hizo. Ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye benchi letu, na ndiyo maana nilikula pale mara nyingi kuliko nyumbani kwetu. Mbele kulikuwa na sebule yenye giza la kupendeza, makochi yaliyovishwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, saa ya ukutani iliyosimama, na harufu ya udi ambayo ilishika nguo zako mpaka jioni. Ukipita sebule unatoka uani, na kule nyuma kulikuwa na anekisi ya vyumba viwili alimokaa Mama Furaha na binti yake, kwa mwaka wa kumi na moja. Mama Furaha alikuwa akivuka mpaka kuleta mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, akiuza sokoni. Bibi Zaituni hakuzaa. Alikuwa mke wa pili, mjane, na alikuwa amelea watoto wawili wa mke wa kwanza tangu mama yao alipokufa: Ramadhani, fundi wa magari aliyehamia Kanyosha, na mdogo wake Yusufu, aliyekuwa akifanya biashara Uvira. Wote wawili walimwita mama, na walikuwa hawajui kumwita vingine.

Ijumaa Bibi Zaituni alipika pilau na sahani ya kwanza ilipelekwa anekisi. Jumapili Mama Furaha alirudi kanisani akapika bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, na sahani ya kwanza ilikuja sebuleni. Hakuna aliyesema asante. Sahani ilirudishwa imeoshwa, ndiyo ilikuwa asante. Nakumbuka wakibishana uani siku moja, mmoja anapeta mchele na mwingine anafua. "We Mama Furaha, sombe yako leo ilikosa chumvi," anasema Bibi. "Mi nimeweka chumvi, Bibi, ni ulimi yako ndio imezeeka." Bibi alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Nilikuwa nimekaa kizingitini na sambusa mkononi, na niliona jambo la kawaida kabisa, kwamba mwenye nyumba na mpangaji wataendelea kutaniana hivyo mpaka mmoja azeeke amshinde mwenzake.

Halafu ikaja sheria. Tuliisikia kwanza redioni kwa kinyozi, kisha shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akapita nyumba kwa nyumba, kisha tukaitwa kwenye darasa la shule moja ya msingi, watu wazima tumejikunja kwenye madawati ya watoto, afisa wa zoni, ofisi ya serikali ya eneo letu, akatusomea kwa Kifaransa na kutufasiria. Kuanzia sasa kupangisha ni kwa kontra, mkataba wa maandishi, nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya mpangaji, ya zoni. Mpangaji mwenye kontra hatolewi bila barua, na baada ya barua ana miezi mitatu. Komisioneri asiye na karte hana kazi, na kupata karte lazima ufanye mtihani na udhaminiwe na mwenye nyumba mmoja mwenye sifa njema. Majina ya wenye nyumba yatabandikwa ukutani zoni siku thelathini, ili mwenye kupinga apinge. Ukiisoma sheria ile leo, ni sheria nzuri. Nimeona watu wakitupwa nje na magodoro yao saa ya mvua kabla ya sheria ile, na sijaona hivyo mara nyingi baada yake. Sitaki mtu afikiri nalililia benchi la kinyozi.

Lakini mtaa ulipata homa. Wenye nyumba waliogopa kodi ya serikali, wakaogopa mpangaji asiyetoka, na wengi wakatafuta mlango wa nyuma. Sheria ilisema ndugu anayekaa kwako si mpangaji, basi ghafla Buyenzi nzima ikawa ndugu. Mshona viatu kutoka Bukavu akawa mpwa wa hajati ambaye hajawahi kuvuka mpaka. Wengine walifunga vyumba vyao na kufuli, heri vijae buibui. Kwenye benchi letu tulikuwa tisa. Walioweza mtihani ni watatu, kwa sababu ulikuwa wa Kifaransa. Mzee Sefu hakwenda hata kuufanya. Alisema hawezi kupewa ruhusa ya kazi aliyoifanya kabla afisa yule hajaota meno. Mimi nilipasi, mwanamke peke yangu katika kartie yetu, na aliyeniwekea kidole kama mdhamini ni Bibi Zaituni. Alivaa kanga mpya kwenda zoni. Njiani aliwasalimia watu wote na kuwaambia tunakwenda wapi, hata wale ambao hawakuuliza.

Miezi iliyofuata ndiyo nilikuwa mtu. Nasema bila aibu, nilifurahi. Bibi Zaituni alinipa meza ya sebuleni, na wenye nyumba wakaja kwangu na mitandio yao na kofia zao, wakaketi kwenye makochi yale, nikawajazia kontra. Watu wa makamo ya mama yangu waliniita da Mwavita. Niliandika kwa herufi nzuri, nilipiga mstari kwa rula, na kila Ijumaa nilipeleka rundo langu zoni kabla makomisioneri wengine wawili hawajapeleka yao. Bibi alikuwa akinitengea chai ya tangawizi pembeni ya karatasi na kunikanya nisiimwage. Na kwa sababu alikuwa mwenyeji, na mtu wa nyumbani husubiri wageni wamalize, kontra yake ilibaki ya mwisho. Nilikuja kuikumbuka zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea.

Kwenye ile fomu kulikuwa na mstari wa juu kabisa ulioandikwa kwa Kifaransa, jina la mwenye mali. Na chini yake mstari mdogo, kwa nyumba za mirathi: andika jina la marehemu, na warithi wote watie sahihi. Afisa alikuwa ametueleza mstari huo mara mbili darasani. Niliujua. Nilikuwa nimewajazia watu wengine hivyo, kwa shida, nikifuatilia warithi mpaka Gitega. Lakini siku hiyo Yusufu alikuwa Uvira na Ramadhani simu yake haikupatikana, na siku mbili zilikuwa mbele yangu, na mtaa mzima tangu nimezaliwa ulisema "kwa Bibi Zaituni", "nyumba ya Bibi Zaituni". Nilifikiri pia kwamba jina lake likiwa pale juu hakuna atakayemsumbua akizeeka. Nilifikiri nampa zawadi. "Bibi," nikasema, "hapa juu naweka jina lako?" Hapana, naongopa. Sikumuuliza. Nimelisimulia jambo hili kichwani kwangu mara nyingi nikiwa nimeuliza, mpaka wakati mwingine naamini. Yeye alikuwa dirishani anachambua majani ya lengalenga, akasema tu, "Mi mambo ya Kifaransa siiwezi, mutoto yangu. Andika vile unaona, mi nitaweka kidole." Nikaandika Zaituni, kwa herufi kubwa, na akaja akafuta mkono kwenye kanga, akaweka kidole gumba.

Kontra ya Mama Furaha niliijaza hapohapo, mwenye mali Zaituni, mpangaji yeye. Mama Furaha alikuwa anajua kusoma. Alisoma mpaka chini. "Na batoto?" akauliza. "Jina ya Rama na Yusufu haiko?" Nikamwambia hiyo ni ya zoni tu, haibadilishi kitu. Alitia sahihi polepole. Wiki mbili baadaye majina yakabandikwa, na wa kwanza kunijia alikuwa Mzee Sefu, ambaye siku hizo alikuwa hana kazi nyingine isipokuwa kusoma ukuta wa zoni. Alisimama mbele ya meza yangu, akakataa kuketi. "Umeandika Zaituni ndio mwenye nyumba. Enda ufute, leo leo, kabla watoto hawajaona." Nikamjibu kwamba karatasi ya serikali haifutwi kama ubao wa shule. Kweli ilikuwa inafutika. Ilikuwa ni kwenda zoni, kukiri kosa, kulipa faini, na labda kusimamishwa karte kwa muda. Nilijiambia mzee ana wivu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Ramadhani na Yusufu walikuja siku ya Jumapili, baada ya alasiri. Nilikuwa anekisi kwa Mama Furaha, kwenye mkeka, bugali katikati yetu inatoa moshi, na mlango haukuwa na ubao siku hizo, ulikuwa na pazia tu. Tulisikia Ramadhani akibisha hodi kwa sauti isiyo yake. Bibi alikuwa ametandika mkeka wa kuswalia uani, kwa ajili ya kivuli, na hapo hapo walimkuta. Sauti niliyosikia ni ya mmoja tu. Ramadhani hakumpigia kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mama, tumetoka zoni," alisema. "Tumeona jina yako pale ukutani. Mwenye nyumba, Zaituni."

"Jina yangu?" alisema Bibi.

"Jina yako peke yako. Jina ya baba haiko, yetu haiko."

Nilijua kinachompata Bibi: alikuwa anafahamu, wakati huohuo, kitu gani alikiwekea kidole.

"Nani aliandika ivyo?" akauliza Ramadhani. "Ni we, ao ni ule binti wa ukomisioneri? Kama ni yeye, mama, sema, twende zoni wamunyanganye karte, tufute, iishe. Sema tu."

Niliweka chini tonge la bugali. Kutoka pale nilipokaa mpaka kwenye pazia ni hatua nne. Mama Furaha alikuwa amekaa katikati, miguu ameinyoosha, na nilimtazama nikiwa na tumaini kwamba atanishika mkono aniambie tulia. Hakunishika. Alikunja miguu yake akaivuta pembeni, akanipisha njia. Kisha akatazama sahani.

Sikuinuka. Niliogopa, hakuna neno lingine. Niliona karte, niliona rundo la Ijumaa, niliona benchi lile na watu wakinicheka, nikasema moyoni nitakwenda kesho.

"Ni mi," alisema Bibi Zaituni kule uani. "Mi ndio nilimwambia aandike ivyo. Yeye ni mutoto, aliandika vile nilisema."

"Unajua nyumba ni ya baba."

"Najua."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nilitaka iwe yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Ni iyo tu."

Nilimsikia Ramadhani akilia. Alikuwa mwanamume wa zaidi ya miaka thelathini, mwenye grisi kwenye kucha, na alilia kwa kukwama kama mtoto aliyekatazwa kulia. Alisema wangemwachia nyumba mpaka siku ya kufa kwake, kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, kwamba alipokuwa na miaka sita yeye ndiye aliyemfundisha Alhamdu. Kwetu kula haki ya mayatima ni dhambi inayoogopwa kuliko nyingi, na walimwona kuwa ameikusudia. Walipoondoka, pazia halikuguswa na mtu. Bibi alitandua mkeka, akauliza kutoka uani kama bugali imebaki. Alipoingia, nilianza kusema, akanikatiza. "Nyamaza, Mwavita. Jina yangu mi imeshatembea, imefika mwisho. Yako ndio inaanza. Kula." Akaketi kati yetu akala. Mimi pia nilikula, na hilo ndilo linanitesa zaidi, kwamba nilikula.

Kesho yake sikwenda zoni. Wala kesho yake. Swali likishaulizwa lazima lijibiwe, na walilijibu kwa sheria zote mbili, ya dini na ya serikali. Mirathi iliyolala miaka mingi ikafunguliwa. Bibi alipewa thumuni yake ya mke, watoto wakachukua iliyobaki, na kwa kuwa kiwanja hakikuweza kukatwa vipande, kikauzwa kwa mfanyabiashara aliyetaka kubomoa ajenge duka. Hapo ndipo tulipoona maajabu ya sheria ile. Mpangaji alikuwa na kontra, niliyoiandika mimi kwa rula, hivyo mnunuzi alilazimika kumpa barua na miezi mitatu. Aliyekuwa mwenye nyumba hakuwa na kontra na mtu. Alitakiwa kutoka mwisho wa mwezi.

Basi alihamia anekisi. Makochi yaliuzwa, sebule ikawa na mwangwi, na Bibi Zaituni akaishi miezi mitatu ya mwisho katika uwanja wake kama mgeni wa mpangaji wake, chini ya kontra ambayo jina lake lilikuwa juu yake kwa uongo. Ulikuwa ni wakati ambao kila kaya ilitakiwa kuwa na kaye, daftari la majina ya wanaolala ndani, na shefu wa kartie akiikagua. Mama Furaha aliniletea yake kwenye benchi, maana nilikuwa nimerudi kwenye benchi, meza imeuzwa pamoja na makochi. "Ongeza Bibi," alisema. Nikaandika jina. Sehemu ya undugu nikasita. "Niandike nini hapa?" Alinitazama kwa muda. Tangu ile Jumapili hakuwa amenitukana wala kunilaumu, lakini alikuwa hanitanii tena. "Andika mama," alisema. "Na uandike vizuri."

Miezi ilipoisha niliwatafutia nyumba Gasenyi, vyumba viwili pembezoni, mji unapoishia na mashamba yanapoanza, na kontra yake sikukosea hata herufi. Nilibeba godoro pamoja nao. Niliwatembelea mara mbili. Mara ya kwanza Bibi alinipikia. Mara ya pili alikuwa amelala, akaniuliza kazi inaendaje na kama bado nina karte, nikamwambia ninayo, akasema Alhamdulillahi kwa furaha ya kweli. Mara ya tatu niliteremka njiani nikageuka nikarudi. Kabla mwaka haujaisha, msimu wa mvua, mtu wa sokoni aliniambia Bibi Zaituni amefariki kwa Mama Furaha, wanaume wa msikiti wa kule wamemzika. Ramadhani na Yusufu hawakwenda. Mimi nilimtuma mtu apeleke mchele na sukari. Baadaye nilikuwa nasikia kwamba yule Mkristo wa Uvira anapanda makaburini kila baada ya wiki chache na jembe dogo, anapalilia kaburi la Muislamu. Nilisikia hivyo kwa miaka. Wateja waliongezeka, nilihamia Ngagara, nikawa Madamu.

Jumamosi, pale kwenye kreti za chupa, mzee mwenye ndevu nyeupe aliomba nisogee aketi. Nilimtambua kwa kucha. Ramadhani alikuwa amesikia msiba kwa watu wa Buyenzi, akaja kwa ajili ya sombe alizokula zamani. Tulisalimiana, tukaulizana afya na watoto, tukamsifu marehemu. Kisha akashusha sauti. "Unajua, mama Zaituni tulimusamehe," alisema. "Kitambo. Yusufu kabla ya kufa alisamehe, na mi nilisamehe. Kila mwezi wa Ramadhani namuombea Mungu amufutie ile kosa." Alisema kama mtu anayenipa habari njema.

Nilimwambia pale pale, bila kutengeneza maneno. Kwamba Bibi hakusema niandike. Kwamba hakujua. Kwamba nilikuwa nyuma ya pazia nasikia. Ramadhani hakunitazama. Alishika chupa yake kwa mikono miwili, na nilingoja anitukane, na ningepokea. Mtu wa kanisa alikuwa bado anashukuru watu. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alizikwa wapi?"

"Huku huku, makaburi ya Waislamu, huko juu."

"Iyo najua. Wapi?"

Sikujua. Tulimfuata Furaha, binti wa marehemu, ambaye sasa ni mama wa watu, macho yamemvimba, tukamuuliza. Alifikiri. Alisema mama yake alikuwa akienda peke yake, asubuhi, yeye yuko shule, na baadaye yuko kazini. Alikuwa anarudi na udongo kwenye viatu, hakuwahi kumpeleka. Imamu wa wakati ule alishakufa. Tukapanda wenyewe, mimi na Ramadhani, taratibu kwa sababu ya magoti yake. Majani yalikuwa yamefika kiunoni sehemu nyingine na sehemu nyingine yamekatwa, na makaburi ya kwetu ni udongo na mawe mawili, hayaandikwi. Ramadhani alivua viatu. Aliinua mikono kusoma Fatiha, akageukia kushoto, akasita, akageukia kulia, mikono bado iko juu, kisha akanigeukia mimi.

"Ni ipi?" akaniuliza.